Gego la Dama

Kitendawili! Nimeziba shimo la sakafuni, mlango ukakataa kufunga. Umeshindwa? Basi nipe mji. Lamu? Haya, nimeila Lamu yako yote hadi miba ya samaki. Sasa sikiliza: ni gego la Dama.

Dama alikuwa akiuza leso dukani Biashara Street, miaka ile ya tisini. Upande wa kulia magego yalikwisha, na kushoto, chini, alibakiwa na gego moja tu la kutafunia, nalo likatoboka. Daktari Mutunga, kijana wa kutoka bara, akamdunga sindano ya ganzi, akalichimba, akaliziba, akamwambia aume.

"Liko sawa, mama?"

Kwa ile ganzi, hata ungemtia kaa la moto mdomoni asingejua. Lakini Dama kalelewa Mombasa: ukiulizwa hali, husema njema ijapokuwa homa inakutoa jasho, na fundi akimaliza kazi, humtolei kasoro usoni pake.

"Sawa kabisa, mwanangu. Mungu akuweke."

Ganzi ilipotoka, kila akiuma ni kama kupigiliwa msumari. Siku zikapita, hali ile ile. Mumewe, Menza, akachoka kusikia "uwi!" kila wakila.

"Hilo jino limekuwa mkwe, halitaki kuguswa! Kaling'oe tupumue."

"Nikiling'oa nitatafunia nini? Masikio?"

"Utakunywa uji."

"Uji kunywa wewe!"

Mwishowe maumivu yakamshinda. Akapanda ngazi za kliniki taratibu, kama mtu anayekwenda kuzika.

"Hujambo, mama?" aliuliza Mutunga.

"Sijambo, mwanangu."

"Na jino?"

"Halijambo."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kuling'oa."

Mutunga akacheka, kisha akavuta kiti. "Ukinywa maji baridi?"

"Hushtuka kidogo, likatulia."

"Usipoligusa?"

"Kimya."

"Ukiuma?"

"Hapo sasa ndipo nikionapo cha mtema kuni."

"Basi huenda mshipa wake ni mzima. Kushtuka na baridi ni kawaida kwa jino lililozibwa juzijuzi. Lakini naona nililijaza mno. Limewapita wenzake kimo, ukifunga mdomo linapigwa lenyewe kwanza." Akamtazama. "Nawe siku ile ulisema sawa."

"Ningesemaje, na ulivyotoka jasho vile?"

"Leo hakuna ganzi, mama. Na heshima tuiache hapo mlangoni."

Akamwekea karatasi ya buluu juu ya jino, akamwambia aume. Doa likabaki juu ya gego, pale palipozidi kimo. Akalisugua kwa kimashine chake, akaweka karatasi nyingine.

"Haya. Liko sawa?"

Dama akauma. Msumari umepungua, lakini haujatoka. Neno "sawa" lilikuwa limeshafika ncha ya ulimi, akalimeza. Alimwona kijana wa watu paji lake linavyong'aa jasho, akamhurumia. Akalihurumia na gego lake. Akauma tena, polepole, huku na huku.

"Mama?"

"Bado, mwanangu," alisema Dama. "Punguza tena kidogo, hapa nyuma."