Kofia ya Mtani

Tangu gari lilipotoka stendi ya Korogwe, Castory alikuwa akiyapanga matusi yake. Ataanza na miguu ya Mdoe iliyopinda, aje kwenye ubahili wake, amalizie na namna alivyokoroma hata kwenye mikutano ya kijiji. Mfukoni alikuwa na kofia ya Mdoe mwenyewe, aliyomvua kichwani miaka mingi iliyopita mbele ya wakwe zake na kukataa kuirudisha. Mzigua atamfanya nini Mnyamwezi? Watani hao. Baba yake Castory alitoka Tabora kuja kukata mkonge, Mdoe alikuwa akileta mahindi kuuza pale kambini, na Castory na Mdoe hawakuwahi kusalimiana vizuri hata siku moja.

Asiyejua atadhani ulikuwa ugomvi. Rosina, mke wa Castory, alipofariki, Mdoe alifika makaburini akaingia kaburini, akajilaza chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Castory, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu msiba uingie, alicheka mpaka akakaa chini, na hapo hapo kilio kikamjia, kilio cha kweli kilichokuwa kimemkwama. Siku ile Mdoe alimwambia, "Na mimi usiniache nizikwe kama mgeni," na Castory akaahidi.

Sasa Mdoe alikuwa amefariki kule kwao Handeni, na Castory alikuwa akienda kutimiza ahadi.

Alingoja mpaka jeneza lilipofika makaburini. Akavaa kofia, akatanua magoti, akatembea mbele ya watu vile vile alivyotembea marehemu. "Bahili kafa!" akapaza sauti. "Leo mahindi yatashuka bei!" Akanyakua jembe, akalikalia. "Hazikwi mtu hapa mpaka nipewe kuku wangu!"

Hakucheka mtu.

Vijana wakatazamana. Zaidi, mtoto mkubwa wa marehemu, aliyekulia kwa mjomba wake Dar es Salaam, akamsogelea polepole.

"Shikamoo, mzee."

"Sitaki shikamoo yako, nataka kuku."

"Mzee, baba amefariki," Zaidi alisema, kama anayemfahamisha mtoto. Kisha akaiona kofia. "Hii mama alimshonea baba. Umeipata wapi?"

"Nilimpora," Castory akajibu kwa fahari.

Watu wakaguna. Castory akamtafuta kwa macho Sabiri, mzee pekee pale aliyekuwepo kwenye maziko ya Rosina, na ambaye siku ile alicheka kuliko wote. "Sabiri, waambie basi!"

Sabiri akawatazama vijana, kisha akatazama chini. "Mambo ya zamani hayo," akasema. "Tuendelee na maziko."

Zaidi akamvua Castory kofia, na vijana wawili wakamshika mikono, wakamtoa kwa adabu. Afadhali wangemsukuma, angalau angepata wa kugombana naye. Akasimama kando ya njia akisikiliza udongo ukishuka. Mdoe alizikwa kimya, kwa heshima zote, na Castory akalia kwa hasira.

Nyumbani, Mwaija, mjane wa Mdoe, alikuwa mkekani na wanawake wenzake, kwa kuwa wao hawaendi makaburini. Alipomwona tu akainua kichwa. "Mtani! Umemfanya nini mume wangu?"

Uso wake ulikuwa ukingoja kucheka. Castory hakuwa na moyo wa kumnyima. "Nimekalia jembe lao," akasema. "Wamecheka, shemeji, nusura waangushe jeneza."

Mabega ya Mwaija yakaanza kutikisika. Machozi na kicheko vilikuwa vinakuja pamoja.

"Mama," Zaidi akasema kutoka mlangoni, "huyu ndiye mzee tuliyemtoa makaburini. Alikuwa na kofia ya baba." Akaiweka mapajani mwa mama yake. "Tusimlaumu. Ni uzee."

Kicheko kikakatika. Mwaija akaishika kofia kwa mikono miwili. "Zaidi, huyu ni mtani wetu."

"Sawa, mama," Zaidi akasema, kwa upole wa mtu ambaye hajasikia kitu. Akamgeukia binti yake. "Husna, mletee mgeni maji anawe. Ale kabla ya safari."

Katika nyumba ile Castory hakuwahi kungoja kukaribishwa. Alizoea kupitiliza hadi jikoni akafunua sufuria, huku Mdoe akimfukuza na mwiko. Akamtazama Mwaija. Mwaija akajifunika khanga usoni.

Husna akaja na birika na beseni, akapiga goti. Castory akanyoosha mikono, akanawa.