Kofia ya Noelene

Noelene aliuona unga wa njano kwenye jani la mpera-mwitu, akarudi nyuma hatua moja. Kutu ya majani, ugonjwa wa kuvu unaosafiri kwa upepo na kwa nguo za watu, ilikuwa imeimaliza mipera-mwitu yote ya milima ile ya Queensland. Iliyobaki ilikuwa miche kumi na mmoja tu, na yote ilikuwa humu, kwenye banda la vioo la bustani ya mimea. Na kutu huanza hivyo hivyo, kama unga wa njano.

Asubuhi alikuwa porini akikusanya mbegu za miti mingine. Aliporudi alioga, akabadili nguo na viatu kama sheria inavyotaka. Sasa alipoinua mkono kujifuta jasho, vidole vikagusa ukingo wa kofia. Ile ile ya porini. Aliizoea mno hata hakuihesabu kuwa nguo.

Alimpigia simu Des, mkuu wake. Des akaja na lenzi, akainama juu ya jani muda mrefu mno.

"Ni chavua ya maua tu," alisema hatimaye. "Miti ya miwati imechanua kote huko porini."

Noelene akaketi sakafuni, akacheka huku machozi yakimtoka. Des hakucheka. Alimvua kofia kwa ncha za vidole, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki.

"Chavua imefikaje humu, bibie?"

"Kwa kofia."

"Basi na kutu ilikuwa na usafiri huo huo. Kama imeingia, itajionyesha majanini baada ya wiki mbili."

Noelene akaitazama ile miche kumi na mmoja, kijani kibichi yote, akaogopa hata kupumua.