Maji Juu ya Bampa ya Dalmas

Alhamisi ambayo Ephantus, fundi wa rangi za magari, aliaga dunia, bampa ya Dalmas ilikuwa inaning'inia kwenye waya wa nguo nyuma ya nyumba ya fundi huyo na mkewe Wachuka, kule mtaa wa Free Area, nusu imepigwa msasa, nusu bado. Ilikaa hapo siku zote za matanga. Watu waliipita wakienda chooni, na hakuna aliyeigusa.

Jumatatu baada ya mazishi, Dalmas alikuja kuichukua.

"Pole tena, Mama Lynn. Nimepata fundi mwingine huko mjini."

Wachuka alijua wateja walivyo. Dalmas akitoka na hiyo bampa, madereva wenzake wa teksi watamfuata, na kazi ambayo mumewe aliijenga kwa miaka kumi na sita itaishia hapo getini.

"Iache. Nitaimaliza mimi."

"Wewe? Si wewe ulikuwa unamshikia mtungi wa maji?"

"Ndiyo mimi. Vuta kiti uone mtungi unavyofanya kazi."

Dalmas alicheka, lakini akakaa.

Wachuka aliiosha bampa kwa sabuni ya vyombo. Kisha, kama Ephantus alivyokuwa akifanya, kichwa kimeinama upande, akaimwagia maji taratibu. Kwenye nusu ya Ephantus yalitandaa kama shuka. Kwenye ile nyingine yalijikusanya matone matone, kama juu ya mafuta.

"Hapa ulipaka nini?"

Dalmas alijikuna shingo. "Pale ninapooshea gari walinipakia mafuta taa kidogo. Ing'are."

"Na huko mjini wangepiga rangi juu ya mafuta taa."

"Fundi angeona."

"Angeona mwezi ujao, ikibambuka."

Aliosha tena na tena, akapangusa kwa spiriti, akamwaga maji. Mara ya nne yakatandaa. Hapo ndipo alipochukua msasa, akasugua mpaka mng'ao wa plastiki ukaisha. Akaikausha, akapuliza ile dawa nyepesi isiyo na rangi inayofanya plastiki ishike rangi, akangoja, ndipo akapuliza praima ya kijivu, ile rangi ya msingi, tabaka jembamba, kisha la pili. Muda wa kungoja aliujua bila kutazama saa, na jambo hilo lilimshangaza mwenyewe.

"Rudi kesho."

Dalmas alirudi na selotepu mfukoni. Alibandika kipande, akakikandamiza kwa kidole gumba, akakinyakua na kukiinua juani. Kilikuwa safi, hakikung'oa hata chembe ya kijivu. Akajaribu pembeni, mahali alipodhani mkono wa Wachuka ulipita haraka. Safi.

"Mzee alikufundisha lini?"

"Hakunifundisha. Alikuwa anafanya, mimi nimesimama pale."

Wachuka alitamani Ephantus auone ule ukijivu, sawasawa toka pembe hadi pembe. Hakuona haya kujisifu moyoni. Kazi ilikuwa nzuri, na ni yeye aliyeifanya.

"Basi piga na rangi," Dalmas alisema, akaondoka mikono mitupu.

Siku hizi mtu akibisha geti kumuulizia fundi, Lynn humwita mama yake.