Rangi Juu ya Kucha za Mize

Mimi Sihaba sina subira, na siku ile ya mwaka wa sabini na mbili Mize alinimalizia hata ile ya kuazima. Wageni wanakuja, naye anapaka rangi ya kucha nene kama anayepiga ukuta chokaa.

"Futa," nikamwambia. "Nene hivyo haikauki leo wala kesho. Paka nyembamba, ikauke, ndipo upake ya pili."

Bi Shaikha wa Pangani, mama yake Hamoudi, alikuwa anakuja kumwona mchumba wa mwanawe kwa macho yake. Mshenga alikwishamwambia kwamba Mize ni mtoto wa ndani, jua halijui. Kumbe tangu kaka yangu afariki, binti yake huyu anakwangua chumvi kule Nunge, na chumvi imemla kucha, zimekuwa za manjano na nyufa tele. Hamoudi anampenda hata usingizi haupati. Posa ikivunjika, wa kumfuta machozi ni mimi shangazi yake.

Akafuta, akapaka upya, nami nikampepea kwa kipepeo cha jikoni mpaka bega likaniuma. Kisha nikamtumbukiza vidole kwenye bakuli la maji ya mtungini, maana maji baridi hukaza rangi.

"Usiguse nguo. Usijikune hata pua."

Honi ikalia nje vidole vingali majini. Nikamkausha, nikagusa ukucha mmoja. Haukunata.

Bi Shaikha akaketi. Mize akampa shikamoo na kumbusu mkono. Yule mama akaitikia marahaba, akaushika mkono wa mtoto na kuutazama.

"Mashallah. Mkono wa raha huu."

Nikashusha pumzi. Papo hapo muadhini akaadhini alasiri.

"Nipatieni maji nitawadhe," akasema Bi Shaikha. Akazitazama tena zile kucha. "Na wewe, mwanangu, husali?"

Mwanamke gani asiyejua kwamba rangi ya kucha huzuia maji, na udhu hautimii? Tulihangaika na kukausha tu, sala tukaisahau. Nikawahi kusema, "Ana udhuru, Bi Shaikha. Yumo mwezini."

"Aa, basi." Akaanza kukunja mikono ya nguo yake. Tumeokoka.

"Sina udhuru, mama," akasema Mize.

Nikamfinya paja. Wapi!

"Sala imenipasa. Shangazi, naomba wembe."

Nilitaka ardhi inimeze, kisha nikataka immeze yeye. Wembe nikauleta kwa hasira. Akaanza kukwangua haraka haraka, na ukucha wa kwanza ukatokeza na umanjano wake na nyufa zake.

"Ni chumvi ya Nunge," akasema. "Mshenga alikudanganya, mama. Nakwangua chumvi, nawalisha wadogo zangu."

Bi Shaikha akauinamia ule ukucha. Nami nimeshayapanga matusi yangu yote, namngoja ainuke tu. Akanyoosha mkono, akamnyang'anya Mize wembe.

"Utajikata," akasema. Akavishika vidole vya mtoto, akakwangua mwenyewe, ukucha kwa ukucha, taratibu, mpaka rangi yote ikatoka.

"Kucha huota," akasema. "Kuna uongo mwingine?"

"Hakuna, mama."

"Haya, katawadhe. Nakungoja tusali pamoja."