Nyasi za Upande wa Nettie

Kwa miaka kumi na moja, kila Agosti, Verna Tollefson alipita njia ileile kati ya makaburi, chini ya mialoni, akihesabu vipepeo warukaji wa msituni: wadogo, wa rangi ya chungwa, kingo za mbawa zikiwa kahawia, dume akiwa na mstari mweusi kwenye bawa la mbele. Mwaka wa kwanza aliona arobaini na mmoja. Mwaka huu sita. Alilaumu ukame, kisha dawa za mashambani.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba familia zilikuja kufyeka makaburi kabla ya mvua, na sufuria zao za chakula. Mashine ya kukatia nyasi ilikuwa ya Verna. Kabla ya kuiwasha alikagua fungu la nyasi alilolifunga uzi mwekundu Agosti, alipomwona jike akitaga hapo. Siku zote alidhani mayai huangukia udongoni. Kwa lenzi aliona ganda tupu na, chini yake kidogo, kiwavi asiyefika milimita mbili, amejibana kwenye jani kavu.

Kwa miaka kumi, kila Oktoba, alikuwa amezikata nyasi hizo hadi chini na kuzipeleka motoni.

“Mama Mashine, umelala?” aliuliza Orrin Haskell. “Maharage yanapoa.”

“Upande huu hatukati.”

“Nettie yuko upande huo.”

“Najua.”

“Mke wangu alikuwa akipiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo. Leo nimwache kichakani?”

Verna alimpa lenzi. Orrin aliinama muda mrefu.

“Ni haka kadudu?”

“Hakajala kitu, na hakatakula mpaka nyasi zichipue. Kisha katajikunjia jani kwa hariri, kanenepe, kasinzie kwenye joto, ndipo kageuke kipepeo. Sisi tunakachoma kwanza.”

“Sisi nani?”

“Mimi. Wewe ulibeba tu.”

“Na ukanigombeza nikibakiza nyasi.”

“Nilikosea.”

Orrin alinyooka. “Rudia kwa sauti, jirani. Nettie alikuwa hasikii vizuri.”

“Nilikosea, Nettie.”

Orrin hakucheka. Alichukua mkasi wa bustani, akapiga magoti, akapunguza nyasi upana wa kiganja kimoja tu kuzunguka jiwe, jina lisomeke. “Uso tumemfuta,” alisema. “Nywele tumwachie.” Verna alirudisha mashine garini.

Agosti iliyofuata walipita njia ile pamoja. Kwenye jiwe la Nettie alitua mmoja, mbawa za mbele zimesimama, za nyuma zimelala.

“Kumi na wanane,” alisema Orrin.

“Kumi na saba. Huyo umemhesabu mara mbili.”

“Kwa Nettie anastahili.”

Verna aliandika kumi na saba. “Mwaka mmoja hauthibitishi kitu. Tunahitaji mitano.”

“Basi mitano,” alisema Orrin. “Mkasi nitaunoa.”