Swali Lililomshinda Kaburi

Kaburi, mhudumu wa hospitali, alikuwa ameufeli mtihani wa sheria na maadili mara mbili. Akifeli tena, anaondolewa wodi ya wagonjwa wa akili na kupelekwa kufua mashuka.

Jina hilo alipewa na wagonjwa, kwa sababu siri iliyoingia kwake haikutoka. Wahudumu wenzake walisikiliza kwanza. Yeye alianza kwa kuapa: "Sema, mwanangu. Unaongea na kaburi." Ndiyo maana wagonjwa walimngoja yeye.

Usiku wa kuamkia mtihani, mume wake, fundi bomba, alimhoji huku akimenya viazi.

"Mgonjwa kakuambia jambo la kuhatarisha uhai wake. Unafanyaje?"

Mara zote mbili Kaburi alikuwa amejibu: nanyamaza.

"Mama watoto, hili hata mimi wa mabomba nalijua. Unamwambia msimamizi."

"Na kama umeshaapa?"

Mume akapekua karatasi. "Wanasema usiape kabla hujasikia."

"Wanasema! Wao wameshaambiwa nini na nani?"

"Bomba likivuja ndani ya ukuta, ukipaka rangi juu umelitengeneza?"

"Menya viazi, baba."

Hakumwambia kwamba fundi saa, mgonjwa wa kitanda cha dirishani, alikuwa hamezi vidonge vyake. Anavikusanya kwenye soksi, anangoja vitoshe. Fundi saa alimwambia jana yake, baada ya kiapo.

Kwenye mtihani Kaburi aliandika: namwambia msimamizi, siku hiyohiyo. Mkono uliandika, nafsi ikamsuta. Alikabidhi karatasi, akanyoosha moja kwa moja hadi ofisi ya msimamizi.

"Angalieni soksi za fundi saa."

"Umejua lini?"

"Juzi."

Msimamizi akainuka, akaenda kitanda cha dirishani. Vidonge vilikuwepo, na vilikuwa vimeshatosha.

Fundi saa alihamishiwa chumba chenye mlinzi. Alipopitishwa koridoni alisimama mbele ya Kaburi.

"Kumbe kaburi lina mlango, mama."

"Lina, baba."

"Ungenionyesha kabla sijaingia."

Hilo la kutoapa kabla ya kusikia ndilo lililokuwa kwenye karatasi za kujisomea, na lilikuwa limempita Kaburi mara mbili.

Alifaulu. Siku hizi akivuta kiti kando ya kitanda huanza hivi: "Sema, mwanangu, ila la kufa sitalificha." Binti wa kitanda cha pili, ambaye zamani alimmwagia yote hadi ya utotoni, aliposikia hivyo mara ya kwanza alijifunika shuka na kugeukia ukuta. Bado amegeuka.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Amepata cheti, na fundi saa yu hai. Amepoteza salamu ya fundi saa, maneno ya yule binti, na jina. Wagonjwa sasa wanamwita mhudumu, kama wanavyowaita wengine wote.