Sufuria ya Mgonjwa

Mke wangu alinikuta stoo, nyuma ya marobota ya sponji, mdomo umejaa mkate. Nilisimama kama mwizi aliyemulikwa tochi, jamu ikinichuruzika kidevuni, nikisubiri anikaripie. Hakuutazama mkate. Alikuwa anatazama sakafu.

"Baba watoto, mguu wako."

Matone ya damu yalikuwa yamenifuata kutoka karakana. Kisumari cha kupigilia vitambaa, kama vile ninavyovalishia makochi kwa miaka ishirini na sita, kilikuwa kimezama kisiginoni chote. Sikuwa nimesikia maumivu yoyote.

Miezi minane kabla ya siku hiyo niliambiwa nina kisukari aina ya pili, nikaamua kupambana nacho kiume. Wali, marufuku. Mkate, marufuku. Nilikula majani ya kuchemsha, bila mafuta wala chumvi, hata kitinda mimba wetu akaniita Mzee Sungura. Kila siku mke wangu alibandika sufuria mbili, moja ya mgonjwa, moja ya watu. Kila juma, siku nne niliishika njaa. Siku ya tano njaa ilinishika mimi. Ndipo nilipojificha stoo.

Muuguzi aliyenisafisha kidonda alikuwa mama mtu mzima, sauti yake imechoka kama yangu. Nilimsomea orodha ya yote niliyojinyima, nikitegemea sifa.

"Chakula hicho utakila miaka mingapi?" aliuliza.

Aliyejibu ni mke wangu, macho yake kwenye bendeji.

"Hata mimi nimechoka, dada. Kupika mara mbili, kulinda kabati, kunusa mdomo wa mtu mzima. Nimechoka."

Hakupaza sauti. Tangu tuoane sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, na liliniuma pale msumari uliposhindwa.

Muuguzi akachora sahani nyuma ya kadi yangu ya kliniki: nusu mboga, robo maharage au yai au samaki, robo wali. "Vidonge usiache. Mkate ukiutamani, kipande kimoja badala ya wali, mezani, mbele ya watu. Na sufuria iwe moja. Mkipika hivi, hakuna asiyefaa kula."

Tulianza hivyo, bila shangwe. Watoto walinung'unika majuma mawili, wakazoea. Sukari ilishuka, ikapanda, ikashuka tena. Kidonda kilifunga baada ya wiki saba, lakini nyayo, zilizokufa ganzi kwa sukari, hazikupata tena hisia zake. Mpaka leo navaa viatu hata ndani ya nyumba.

Ninachokikumbuka zaidi ni mchana mmoja wa juma lile la kwanza. Mke wangu alipakua sahani zote kutoka sufuria moja, akavuta kiti, akakaa kando yangu. Ndipo nilipotambua kwamba kwa miezi minane alikuwa akila wima, jikoni, mwiko mkononi.

Alitafuna polepole, akafikiri.

"Ingefaa pilipili," alisema, akataka kuinuka.

Nilimgusa bega abaki. Nikaenda kuileta mwenyewe, nikichechemea.